Asiye na Mzigo Ashuke Kwanza

Barabara ya kutoka Kigwa kwenda Tabora mjini ilikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika popote. Mkikutana wawili juu ya baiskeli, asiye na mzigo ndiye anayeshuka, na ndiye anayeanza kusalimu. Umri ulifuata baada ya hapo. Kijana akiwa amebeba madebe mawili ya asali na mbele yake anakuja mzee mwenye keria tupu, mzee alishuka, akasogea kwenye majani, na kijana akapita katika ule mstari mwembamba wa ardhi ngumu ulioachwa na mchanga, huku akitoa shikamoo yake bila kupunguza mwendo. Hakuna aliyesema mzee amevunjiwa heshima. Watu walimsifu mzee kwa kuijua njia.

Nasimulia mambo ya mwaka 1978 na 1979. Nilikuwa mwalimu kijana, mmoja wa wengi tulioingia madarasani baada ya Elimu ya Msingi kwa Wote kuanza Novemba 1977. Nilizaliwa Isevya, mjini Tabora, nikalelewa na baba aliyefanya kazi ya reli na mama ambaye hakuvumilia mtoto anayepita mbele ya mtu mzima akiwa kimya. Nilipopangiwa shule ya kijiji upande wa Kigwa, baba alininunulia baiskeli ya Phoenix ya kike, nyeusi, yenye kengele inayosikika mbali. Nilidhani kengele hiyo ndiyo itakayonifungulia njia.

Haikuwa hivyo. Upande ule, kumpigia mtu kengele kwa nyuma ilikuwa kama kumfukuza. Kengele ilikuwa ya mbuzi, ya watoto wanaocheza barabarani, na ya kona zenye vichaka. Ukitaka kumpita mtu mzima ulipunguza mwendo ukiwa bado mbali kidogo, ukakohoa, kisha ukasema, "Baba, naomba njia." Naye hakugeuka kukutazama, maana mwenye mzigo akigeuza shingo, usukani nao hugeuka. Alijibu tu, "Pita, mwanangu," akabana upande wake. Ukishampita ndipo salamu yenyewe ilipoanza, wewe ukiwa umempa mgongo na sauti zikipaa: mwangaluka kama bado ni asubuhi, mwadila kama jua limepinduka, za nyumbani, za watoto, mvua imenyesha huko, ng'ombe wazima? Maswali na majibu yalifuatana hadi mmoja akawa hasikiki tena. Hata hapo niliwasikia wazee wakiendelea kuitikia, "Njema, njema," kwa mtu aliyekwisha kupotelea kwenye miyombo.

Mzigo ndio uliokuwa kiini cha mambo yote, na asiyewahi kuendesha baiskeli yenye mzigo mchangani hawezi kuelewa kwa nini. Watu wa asali walitoka ndani ya pori, wakiwa na madebe, na wengine bado na malindo ya magome ya miti, yamefungwa kwenye keria kwa vipande vya tyubu kuukuu vilivyovutwa mpaka vikalia. Wengine walibeba karanga, michembe, mkaa, uyoga wakati wa masika. Mtu wa namna hiyo akisimama, kuondoka tena ni kazi. Hawezi kuinua mkono kukupungia, kwa kuwa mkono mmoja hautoshi kushika usukani unaotaka kulala. Hawezi kushuka kirahisi, kwa kuwa akishuka lazima baiskeli iegemezwe kwa ule mti wenye panda anaotembea nao, na mti wenyewe umefungwa pembeni ya mzigo. Kwa hiyo anachoweza kukupa ni sauti. Wewe mwenye keria tupu una miguu, una mikono, una pumzi. Vitoe.

Kwangu mimi kulikuwa na jambo la ziada. Msichana wa Kinyamwezi humwamkia mzee kwa kupiga goti. Nikiwa na miguu yangu tu sikuwa na shida, lakini nikiwa na baiskeli? Wiki za kwanza nilishuka, nikaegemeza Phoenix kiunoni, mkono wa kushoto ukiwa umeshika breki, kisha nikakunja magoti hadi kanga ikagusa vumbi. Baiskeli tupu ilikubali. Siku moja nilikuwa natoka mjini na katoni la vitabu na chaki za shule, nikakutana na mzee mmoja wa kijiji chetu anakwenda kwa miguu, fimbo mkononi. Nikaanza kushuka. Baiskeli ikainama, katoni likavuta nyuma, gurudumu la mbele likainuka kutoka ardhini. Mzee akaharakisha, akaishika keria kwa mikono miwili, akaniambia, "Mwalimu, usishuke. Mzigo umekwisha kupiga goti kwa niaba yako." Akanisukuma mpaka nikapata mwendo. Baada ya siku hiyo sikumwona mzee yeyote akinisubiri nishuke ninapokuwa nimebeba kitu, na wasichana wengine wawili wa kijiji waliokuwa wakiazima baiskeli za kaka zao walianza kufuata desturi hiyohiyo. Hakukuwa na kikao. Neno la mzee lilitembea lenyewe.

Msiba ulikuwa na utaratibu wake, na huo haukuwa na ubishi: ukiona watu wamekaa nje chini ya mti na wanawake wamejifunika, unashuka mapema, unasukuma baiskeli hadi umevuka nyumba, mzigo au hakuna mzigo. Nilimwona mwenye magunia mawili ya mkaa akifanya hivyo kwenye kilima.

Miaka mingi baadaye, nikifundisha historia sekondari, nilisoma kitabu alichochapisha msafiri Mwingereza Richard Burton mwaka 1860 kuhusu safari yake na John Speke. Walipita njia yetu hiyohiyo. Walitokea pwani, wakavuka Ugogo, wakapita Tura, Rubuga na Kigwa, wakaingia Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857. Burton alikuwa na kauli nyingi za dharau juu ya watu wetu na sina haja ya kuzipamba. Lakini ana ukurasa mmoja nilioukariri, unaoeleza misafara miwili inavyokutana kwenye njia nyembamba. Msafara wa Mwarabu ulidai njia. Wanyamwezi kwa Wanyamwezi waliweza kupigana kwa kuigombea, wakitumia pinde na mikuki kama bakora, bila kukusudia kuumizana sana. Wakiwa marafiki, viongozi wa misafara walisogeleana kwa hatua za madaha, wakitazamana kwa pembe ya jicho, kisha wakainama ghafla na kugongana vichwa kama kondoo dume, na wapagazi wote nyuma yao wakafanya vivyo hivyo, hadi vurugu ikaishia kwenye kicheko. Baada ya kicheko, upande dhaifu ulipisha na kutoa zawadi ndogo.

Nilipousoma ukurasa huo nilifikiri sana. Ni njia ileile, na watu walewale kwa ukoo. Babu zetu walibeba pembe za ndovu na vitambaa mabegani, na anayepisha alikuwa dhaifu. Sisi tulibeba asali na karanga kwenye keria, na anayepisha alikuwa mwenye nguvu zilizobaki. Sijui ni lini jambo hilo liligeuka, wala nani aliligeuza. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 misafara ya wapagazi ilikuwa inakwisha, na baiskeli zilikuja baadaye na kuzikuta njia zikiwa bado pale. Ninachoamini ni kwamba watu waliobeba mizigo kwa vizazi ndio waliotunga sheria yetu. Mtu aliyewahi kusimamishwa na mwenye nguvu huku mzigo ukimkata bega anajua haki iwe upande gani.

Sheria hiyo ilikuwa na faida nyingine, ambayo niliiona wazi Novemba 1978. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalikuwa yameingia Kagera mwishoni mwa Oktoba, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa. Kijijini kwetu redio zilikuwa chache na betri adimu. Jumamosi iliyofuata niliondoka alfajiri na baiskeli kwenda mjini, nimebeba mchele wa nyumbani. Tulikuwa wengi njiani, sote tunaelekea upande mmoja na sote na mizigo, kama ilivyo asubuhi ya soko. Kabla ya jua kuchoma nikamwona mtu wa asali ninayemfahamu kwa sura anarudi kutoka mjini, keria yake tupu. Alikuwa ameshuka. Alikuwa anashuka kwa kila mtu.

Alinisalimu, nami nikaitikia. Akauliza za shule. Nikasema njema. Nikamuuliza za mjini.

"Njema," akasema. Kisha, "Ila kuna vita. Amin ameingia kwetu. Mwalimu amesema tutampiga."

Hakuruka salamu hata moja. Alianza na njema kama kawaida, na ubaya ukafuata mahali pake. Nilimwona akipanda, akaenda mita mia hivi, akashuka tena kwa mwenye karanga, kisha tena kwa mwenye mkaa. Ndipo nilipoelewa kwamba asubuhi wenye mizigo huelekea mjini wakiwa wamechoka na hawajui kitu, na wasio na mizigo hurudi kutoka mjini wakiwa na nguvu na habari. Yule mwenye habari ndiye aliyetakiwa kushuka. Kufikia mchana habari ilikuwa imefika vijiji vyote vya njia ile, kila mtu ameipata kutoka kwa mtu aliyesimama mbele yake na kumuuliza kwanza habari za watoto.

Mwaka ule na uliofuata matairi yalikuwa shida. Watu walishona tairi kwa waya, wengine wakajaza majani makavu badala ya tyubu, na baiskeli ikawa inakwenda kwa kudunda. Salamu ikaongezewa swali: una pampu? Aliyeketi kando ya barabara, baiskeli imelazwa juu chini, hukumpita kwa salamu tupu hata kama ulikuwa umebeba. Ulisimama na mzigo wako. Solusheni ilikuwa ikigawanywa tone kwa tone, na kiraka kilikatwa kutoka kwenye tyubu iliyokufa ya mtu mwingine. Nimekaa chini ya miembe ya zamani ya njia ile, ile ambayo watu husema iliota kutokana na kokwa za wapagazi, nikimshikia mgeni tairi hadi kiraka kikauke, tukiulizana koo zetu mpaka tukapata kwamba ni watani.

Siku hizi lami imetoka Manyoni na Itigi hadi Tabora. Inasaidia wagonjwa na mazao, na ninaifurahia. Lakini mwenye mkaa sasa anaendesha kwenye ukingo, basi likimpulizia honi na pikipiki zikimpita pande zote mbili bila neno. Honi imechukua kazi ya sauti. Inaniuma, na nasema hivyo waziwazi kwa vijana wa bodaboda wanaonibeba ninapokwenda kuzuru makaburi. Wengine hunisikiliza. Mjukuu wangu aliyeko Dodoma huendesha baiskeli na wenzake Jumapili kwa ajili ya afya, wamevaa kofia ngumu na nguo za kubana. Aliniuliza kama wanapaswa kuwasalimu wauza mkaa wanaokutana nao nje ya mji. Nilimwambia wao ndio wasio na mzigo, kwa hiyo swali limejijibu. Akasema wakishuka watapoteza mwendo. Nikamwambia basi angalau wapunguze, wahame lami wamwachie mwenzao, na shikamoo itoke kinywani kabla hawajampita.

Nirudi kwenye vita ile. Kampala, mji mkuu wa Amin, ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Nilikuwa mjini kwa ajili ya Pasaka, na nilirudi Jumatatu nikiwa na kilo moja ya chumvi tu, kwa hiyo zamu ya kushuka ilikuwa yangu. Mvua ilikuwa bado haijakwisha, mbuga zilikuwa zimejaa tope jeusi, na nilishuka kwa kila mtu kuanzia nje ya mji. Wengi walikuwa wameshasikia, wakataka tu kusikia tena. Yule mzee aliyeishika keria yangu nilimkuta karibu na kijiji. Safari hii nilipiga goti sawasawa. Mwanawe alikuwa ameondoka na mgambo mwezi Desemba.

Nilimpa habari. Akauliza, "Wanarudi lini?" Nikamwambia redio haijasema. Akatoa kwenye mfuko wa koti kipande cha karatasi chenye anwani ya jeshi, kimekunjwa hadi kimeanza kukatika, akaniomba nimwandikie barua papo hapo. Nilichana karatasi ya daftari, nikaiweka juu ya siti ya baiskeli, naye akasema nikiandika. Mama yako anakusalimu. Shangazi yako wa Rubuga anakusalimu. Mzee mwenye ng'ombe weupe anakusalimu, na watoto wake, na mke wake mdogo. Aliwataja watu wa kijiji kizima nyumba kwa nyumba, na karatasi ikajaa upande wa kwanza, ikageuzwa. Chini kabisa ikabaki nafasi ya mstari mmoja, akasema, "Sasa muulize anarudi lini." Niliikunja, na kijana wa kwanza aliyetokea akielekea mjini na gunia lake tukampa aitie posta.