Masta: Njoro ama Nairobi?

Wasee, mimi niliacha chuo, lakini dadangu mkubwa ameniuliza akasomee wapi masta ya udongo. Nyumbani wanasema Nairobi, eti ndiko kuna jina. Mimi nasema Egerton, Njoro. Ilianza 1939 kama shule ya kilimo, mashamba yako hapo hapo, na kutoka Nakuru mjini ni matatu moja. Nairobi atalipa nyumba kabla ya karo, na HELB ya digrii ya kwanza bado anailipa.

Lakini kuna swali kubwa kuliko jina na nauli: nani atamsimamia? Kabla ya kutoa hata shilingi, atafute wanafunzi wa huyo mwalimu, awaulize walimaliza baada ya miaka mingapi. Wakimwelekeza Nairobi, nitambebea mabegi hadi steji.