Mbegu Nne Kati ya Mia Mbili

Jumanne, 4 Juni 2024

Ukungu umekaa Kikima hadi saa nne, na maabara ni baridi ya kuuma vidole. Bwana wa bodaboda ameleta sampuli yake akiwa ameibana kwapani, chini ya jaketi, vile nilivyomwagiza, isipoe njiani. Baada ya nusu saa shahawa ilikuwa imelainika. Idadi ya mbegu si mbaya, mwendo wa wastani. Nimepaka slaidi mbili, nikaziacha zikauke.

Mkewe alimtangulia hapa kitambo. Amepimwa homoni, amepigwa picha ya mirija, amemeza vidonge vya kila rangi. Bwana ndio kwanza afike leo. Huku kwetu mwanamke hupimwa mpaka achoke, ndipo mtu akumbuke kwamba kuna mume.

Jumatano, 5 Juni

Slaidi zimeshika rangi vizuri. Lenzi ya mara mia, tone la mafuta, na kibonyezo cha kuhesabia mkononi. Mbegu 200.

Kanuni haina huruma. Kichwa kiwe laini, umbo la yai, urefu wa mikroni nne hadi tano. Akrosomu, ile kofia ya mbele yenye vimeng'enya vya kupenyea yai la mwanamke, ifunike asilimia 40 hadi 70 ya kichwa. Shingo iwe nyembamba, imenyooka. Mkia uwe mmoja, mikroni kama 45, usiwe umevunjika. Mbegu ya kutiliwa shaka huhesabiwa mbovu. Ukiangalia kwa jicho hilo, karibu zote ni mbovu. Nimeona vichwa vilivyochongoka, vichwa vidogo kupita kiasi, mikia miwili kwenye kichwa kimoja, mikia iliyojikunja, mabaki ya saitoplazimu yaliyong'ang'ania shingoni. Nzuri: nne. Asilimia 2.

Kinachonipa moyo ni kwamba kasoro zenyewe zimechanganyika. Slaidi ninayoiogopa ni ile ambayo mbegu zote zina kasoro moja: vichwa vya mviringo kabisa, akrosomu hakuna. Hizo haziwezi kupenya yai, na mara nyingi chanzo kiko kwenye jeni. Hapo umbo peke yake linatoa jibu. Mchanganyiko kama huu unasema machache mno.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya kanisa nimekaa na vitabu. Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft, aliziona mbegu hizi mwaka 1677, na alipowaandikia mabwana wa Royal Society kule London akajihami mapema: shahawa aliipata katika ndoa, hakufanya dhambi. Miaka karibu 350 imepita na wateja wangu wana aibu ileile.

Lakini nilikuwa natafuta habari za asilimia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1987 ulitaka mbegu zenye umbo zuri zifike 50 kwa mia. Wa 1992 ukashuka hadi 30. Tangu 2010 ni 4. Mtu akisoma hivyo haraka atadhani wanaume wameoza. Kumbe kilichobadilika zaidi ni jicho: kina Kruger na Menkveld wa hospitali ya Tygerberg, Afrika Kusini, ndio waliokaza kanuni miaka ya themanini, na dunia ikawafuata. Mzee aliyenifunza kazi bado anataja 30, na ukimbishia anakasirika.

Hiyo 4 nayo ilitoka wapi? Walichukua wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, wakawapanga kwa mpangilio, wakakata kwenye watano wa chini katika kila mia. Maana yake akina baba watano katika kila mia walikuwa chini ya mstari, na watoto wao walizaliwa. Baba wa katikati kabisa alikuwa na 15, yaani mbegu zake 85 katika mia ni mbovu! Fomu yetu haisemi lolote kati ya haya. Inasema tu "si kawaida", kwa herufi nzito.

Jumanne, 11 Juni

Amekuja kuchukua majibu. Ameisoma fomu akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Daktari, mtoto wangu atazaliwa kilema?"

Nimemwambia hapana, umbo la mbegu si umbo la mtoto. Hilo limemshusha mabega kuliko yote niliyoyasema. Daktari wa zamu amempima, akakuta mishipa ya damu imevimba upande wa kushoto juu ya korodani. Joto la pale huharibu kazi ya kutengeneza mbegu. Ameandikiwa barua ya rufaa ya Machakos.

Nimemuuliza habari za muguka, ile aina ya miraa. Amecheka. Nani huendesha pikipiki usiku bila kutafuna? Mwezi uliopita magavana wa Pwani waliupiga marufuku, Rais akatengua, na watu wa steji wakashangilia. Nimemweleza kwamba mwaka 1995 watafiti walichapisha habari za wanaume wa Yemen wanaotafuna miraa kila siku: kwa hadubini ya elektroni walikuta vichwa na mikia yenye kasoro kwa wingi. Hilo si thibitisho kwamba muguka ndio uliomfikisha hapa, na nimemwambia hivyo hivyo. Aache miezi mitatu, tupime tena. Mbegu huchukua siku kama 74 kutengenezwa.

Alhamisi, 27 Juni

Rangi niliyoagiza Nairobi haijafika. Baada ya Jumanne ile ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, nani atauliza rangi ya slaidi?

Jumamosi, 20 Julai

Mama yake bodaboda amenishika sokoni, kando ya maparachichi. "Mwanangu, ni msichana ndiye hazai, sivyo?" Nimemjibu, "Mwaitu, karatasi za hospitali hazisomwi sokoni." Akaanza kunieleza kuhusu iweto, jinsi shangazi yake asiye na mtoto alivyomwoa mwanamke, watoto wakapatikana na boma likasimama. Nimemsikiliza kwa hamu, kusema kweli. Wazee wetu walitatua jambo hili bila kumwuliza mwanamume yeyote swali lolote, na labda ndiyo sababu mpaka leo hatujui kumwuliza.

Wengine humtajia bwana huyu wataalamu wa Nairobi, walikozaliwa watoto wa kwanza nchini waliotungwa maabara, mwaka 2006. Kule mbegu moja huchaguliwa, ikadungwa ndani ya yai kwa sindano. Bei yake ni mamia ya maelfu ya shilingi. Atauza pikipiki na deni libaki.

Jumatatu, 16 Septemba

Sampuli ya pili. Nzuri: tisa. Asilimia 4.5.

Amefurahi mpaka akataka kutununulia soda sote, na anasema muguka ameacha, kwa kiasi. Mimi sikuweza kushangilia naye. Ukihesabu 200 tu, kati ya nne na tisa bahati ina nafasi kubwa. Msomaji mwingine wa slaidi ile ile angepata sita. Sikuiamini sana 2 kuwa hukumu, basi siwezi kuiamini 4.5 kuwa msamaha. Barua ya Machakos bado haijatumika, iko kwenye pochi yake, imekunjwa mara nne. Nimemwambia aende.

Mkewe alikuwa mlangoni, kimya. Kisha: "Na mimi naendelea na vidonge?" Nimewarudisha kliniki wote wawili, na nimeomba wafunguliwe faili moja.