Dumila na Milima Inayomfuata Msafiri

Atokaye Morogoro kwenda Dodoma huiacha milima ya Uluguru nyuma yake, huvuka Mto Wami pale Dakawa, hupita Magole, na baada ya mwendo wa kilometa zipatazo 70 huingia Dumila. Mji huu ni njia panda. Barabara moja yaendelea Gairo, nyingine yakata kushoto kwenda Kilosa. Mabasi husimama hapa, na wauza nyanya na vitunguu huyazunguka kabla hayajatulia.

Lakini kabla ya kuufikia mji, msafiri aliyekaa upande wa kulia ana jambo la kutazama. Miti ya kando ya njia yakimbilia nyuma. Mashamba yapita taratibu. Na milima ya Nguru, kule mbali, ni kama kwamba yasafiri pamoja naye. Watoto huuliza: Baba, mbona mlima unatufuata? Wazazi wengi hucheka tu. Swali hili halistahili kuchekwa, kwani ndani yake mna elimu kubwa.

Kilicho karibu huhama sana machoni petu tunapokwenda, na kilicho mbali huhama kidogo. Basi kiasi cha kuhama ndicho kipimo cha umbali. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 965, katika Kitabu cha Manadhir alichunguza jinsi macho mawili, yaliyoachana kidogo, yanavyotupatia sura moja ya kitu.

Siku hizi kompyuta zimefundishwa kazi ifananayo na hiyo. Hupewa picha nyingi zilizopigwa kutoka mahali mbalimbali, nazo hutafuta alama zile zile katika kila picha: pembe ya bati, jiwe, shina la mti. Kila alama ni mstari utokao katika kamera, na mistari ya alama moja hapana budi ikutane mahali pamoja. Ugumu ni kwamba mawili hayajulikani: kamera ilisimama wapi, na kitu kiko wapi? Ajabu ni kwamba yote mawili hufumbuliwa kwa pamoja. Mwaka 1913 Erwin Kruppa wa Austria alionyesha kuwa nukta tano zilizoonekana katika picha mbili zatosha, ingawa hesabu yaweza kuleta majibu kadhaa. Mwaka 1981 Longuet-Higgins wa Uingereza alieleza njia nyepesi zaidi, ya nukta nane.

Sasa turudi Dumila. Januari 2014 Mto Mkundi ulifurika, ukaharibu njia ya daraja, ukaikata barabara kuu, na maji yakaingia katika nyumba za Dumila na Magole. Katika nchi tambarare kama hii, tofauti ya nusu mita yaweza kuamua ni nyumba ya nani itakayoingia maji. Jicho halioni tofauti hiyo, wala ramani ya kawaida haiielezi. Picha zilizopigwa na ndege zisizo na rubani, zikiunganishwa kwa hesabu tuliyoitaja, zaweza. Dar es Salaam kazi ya Ramani Huria, iliyoanza 2015, ilizitumia ndege hizo katika mitaa ya mafuriko. Na tangu 2016 Zanzibar ilipigwa picha hivyo, Unguja na Pemba.

Hapa nina neno. Ndege ipitayo juu ya ua huona yaliyomo uani, na Qur'ani Tukufu imetuamuru tubishe hodi na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba za watu. Wapimaji na wawaarifu wenyeji kwanza, waitaje siku na saa. Kupima ardhi ni kheri, lakini hakufuti haki ya stara.

Kijana mwenye simu aweza kujaribu mwenyewe kwa msikiti wa mtaani kwake. Auzunguke akipiga picha, kila moja iingiliane na iliyotangulia kwa zaidi ya nusu. Asisimame mahali pamoja akageuza simu tu, kwa kuwa hapo hakuna kuhama, na umbali hautapatikana. Tena aegemeze ukutani fimbo ya mita moja kamili, kwani picha peke yake hazitambui msikiti wa kweli na mfano wake mdogo wa udongo; fimbo ndiyo itakayoiambia kompyuta ukubwa wa jengo.