Nyuki wa Darini



Ndugu msomaji, wengi mmeuliza kwa nini mwaka huu darasa la wadogo lilisomea barazani kwa jirani kwa zaidi ya mwezi mzima. Jibu ni nyuki. Ustadh wetu ametuomba sisi wa darasa la juu tueleze yaliyofanyika hapa Hasamba, na tunaandika kwa pamoja kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyeiona kazi yote. Kila mtu alikuwa na mahali pake pa kusimama.

Kundi lilikuwa darini, juu ya stoo ya misahafu. Liliingilia tundu la ukutani, pale bati linapokutana na tofali, likajenga masega yake kwenye papi. Kwa muda mrefu hawakumsumbua mtu. Kisha mtoto mmoja akaumwa mara kadhaa kichwani, wazazi wakaja juu, na walikuwa na haki. Shauri la kwanza likawa mafuta ya taa na kiberiti usiku. Shauri hilo lina wafuasi wengi vijijini kwetu, na tusiwacheke. Nyuki wa Afrika ni mkali, na mtu ambaye mwili wake haustahimili sumu ile anaweza kufa kwa kuumwa mara moja tu.

Aliyelipinga ni mzee mmoja mrina asali, tuliyezoea kumwita Babu. "Wajukuu zangu," alisema, "mkiwachoma mtapata asali ya jioni moja, na labda mtaichoma na madrasa. Harufu ya nta itabaki pale juu, na mwakani watakuja wengine." Ustadh naye akatukumbusha kwamba sura ya 16 ya Qur'ani imepewa jina la nyuki, na kwamba mna humo habari ya makazi yao: milimani, mitini na katika vile wanavyojenga watu. Mmoja wetu akasema, basi na dari imo. Tulicheka, lakini wazazi wakakubali kutupa wiki 2.

Iko na sababu ya tumbo. Wilaya yetu ya Mbozi ni ya kahawa, na karibu kila nyumba hapa ina mikahawa. Arabika hujichavusha yenyewe, kwa hiyo zamani wataalamu walidhani nyuki hawaiongezei kitu. Mwaka 2002 mtafiti David Roubik alitangaza matokeo yake kutoka Panama, kwamba nyuki wanaweza kuongeza mavuno ya arabika kwa zaidi ya asilimia 50. Panama si Mbozi, lakini mzazi mmoja aliyekuwa upande wa kiberiti aliposikia hesabu hiyo alinyamaza.

Ni vizuri mjue kwamba kuhamisha kundi namna hii si desturi ya wafugaji wetu wengi. Mfugaji wa Tabora, ambako kuna chuo cha ufugaji nyuki, hutundika mzinga mtini, wa gogo au wa mbao, akaupaka nta ndani, kisha akangoja nyuki waje wenyewe. Nasi tunaona hiyo ndiyo njia bora kwa mwenye nafasi ya kungoja. Sisi hatukuwa nayo.

Fundi seremala alitutengenezea mzinga wa pau za juu. Alishangaa tulipomwambia kila pau iwe na upana wa milimita 32 kamili. Ndio upana unaomfaa nyuki wa kwetu, ajenge sega moja kwa kila pau. Ukizidisha, masega huungana kutoka pau hii hadi ile, na huwezi kuinua moja bila kubomoa jingine.

Tulianza saa 11 jioni, mwanga ukiwa bado unatosha. Bomba la moshi lilikuwa kopo la maziwa lililojaa magunzi na samadi kavu, na nyuso zetu tulizifunika kwa vipande vya chandarua. Babu alikuwa na amri mbili: mtu asile ndizi siku hiyo, na mtu asimponde nyuki. Nyuki akiuma au akipondwa hutoa harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na harufu hiyo huwaita wenzake vitani. Moshi huifunika.

Sote tulitazama asali. Babu aliikata haraka na kuitia ndooni kama kitu kisichomhusu. Mikono yake ilipofika kwenye masega ya majana ndipo ilipopunguza mwendo. Alikata sega zima, akaliegemeza kwenye pau, sisi tukalifunga kwa kamba za mgomba, upande wa juu ukibaki juu. Nyuki wa Afrika huhama kwa sababu ndogo sana, lakini si wepesi wa kuyaacha majana. Tena, malkia akipotea na yakawepo mayai au majana yasiyozidi siku 3, vibarua huweza kumlea malkia mpya, ambaye huzaliwa siku 16 tangu yai litagwe. Sega la asali hatukufunga hata moja. Hukatika, likamwagika na kuwaita siafu.

Malkia hatukumwona. Kundi kubwa lilibaki limeshikana kwenye kenchi kama shungi la zabibu, na Babu alilikung'utia mzingani kwa bakuli, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Giza lilipokuwa linaingia waliosimama mlangoni mwa mzinga waliinua mikia wakaanza kupepea mbawa, na waliobaki ukutani wakageuka, wakaingia kwa miguu kama watu wanaowahi swala. "Mama yao yumo," alisema Babu. Siku ya tatu tuliona wakirudi na chavua ya njano miguuni, chakula cha majana.

Mzinga ulikaa palepale chini ya tundu kwa wiki 5, ndiyo maana wadogo walikaa barazani. Ungesogezwa hatua 50 tu, nyuki wangerudi ukutani walikozoea. Baadaye tuliufunga usiku na kuubeba zaidi ya kilomita 5, hadi kwenye shamba la kahawa la mzazi mmoja, yule wa kiberiti. Umetundikwa kwa waya uliopakwa grisi kwa ajili ya siafu. Tundu la ukutani tumeliziba kwa saruji, baada ya kukwangua nta yote.

Asali haikujaza nusu ya ndoo. Mwaka huu hatutarina tena, Babu amekataa. Anayetaka kuwaona atuambie, twende jioni, na asije na ndizi.