Mtango Haungoji: Kutoka Mombo Hadi Lushoto

Ukishuka basi Mombo, joto hukulaki kabla ya mchukuzi wa mizigo. Panda sasa gari la Lushoto. Kwa kilometa zipatazo 33 barabara hupinda na kukwea milima ya Usambara, ikipita Soni penye maporomoko ya maji. Umeanzia chini ya meta 500 kutoka usawa wa bahari, nawe utafika karibu meta 1,400. Usisahau sweta.

Katika bonde moja njiani nilimkuta mama mmoja akilitazama shamba lake la matango kwa huzuni.

"Mwanangu, maji yalinikawiza," alisema.

Miche yake ilikaa kitaluni majuma matano, yeye akingojea zamu ya maji ya mfereji. Ilipohamishwa ilikwisha kuanza kutambaa, na mizizi imesongamana. Mingi ilinyauka, iliyosalia ilizaa haba. Humo ndimo zilimotarajiwa fedha za sare na madaftari ya watoto.

Mama huyu si mvivu. Ni kwamba mtango una mizizi laini isiyopenda kusumbuliwa. Wakati wake wa kuhama ni pale mche unapokuwa na majani halisi mawili au matatu, bila kuhesabu yale mawili manene ya mwanzo. Penye joto kama Mombo, hayo ni majuma mawili au matatu baada ya kusia mbegu. Lushoto, katika baridi ya Juni hadi Agosti, mche hudumaa na kalenda hudanganya. Basi hesabu majani, usihesabu siku. Aidha, ijue kwanza siku ya zamu ya maji, kisha rudi nyuma majuma hayo ndipo usie. Hamisha jioni, mche ukiwa na udongo wake, na umwagilie papo hapo.

Jirani wa mama huyo alipatwa na hasara ya namna nyingine. Yeye aliwahi kuhamisha, lakini alisikia kwamba kupogoa huongeza mazao, akakata machipukizi yote ya pembeni. Kumbe katika mitango mingi ya kawaida, shina kuu hutangulia kutoa maua dume, na maua jike mengi, ambayo ndiyo yazaayo, huchanua katika matawi ya pembeni. Kisu chake kilikata matango kabla hayajazaliwa.

Je, tusipogoe? La hasha. Mtango uliosimamishwa kwa miti na kamba uondolewe machipukizi ya vifundo vinne au vitano vya chini, ili hewa ipite na majani yasiguse udongo. Matawi ya juu yaache yazae tunda moja au mawili, kisha kata ncha zake. Ziko mbegu chotara zitoazo maua jike kwenye shina kuu. Hizo zaweza kulelewa kwa shina moja. Muulize muuza mbegu kabla hujashika kisu. Mtango utambaao chini usiukate ovyo.

Nawe unayeishi mjini, mwenye debe bovu na kipande cha ua chenye jua, sheria ni hiyo hiyo. Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Yule mama wa bondeni amekwisha kusia tena. Safari hii ameanza kwa kuuliza zamu ya maji.