Bembelezi Chini ya Bendera

Katika mihadhara ya fasihi simulizi, bembelezi hutengewa muda mchache mno. Hutajwa pamoja na nyiso, wawe, kimai, hodiya na mbolezi, mwanafunzi akaandika daftarini kwamba ni wimbo wa kumtuliza mtoto ili alale, kisha somo likasonga mbele hadi kwenye tanzu zinazodhaniwa kuwa na uzito zaidi. Mtoto anayeimbiwa haulizwi lolote. Inachukuliwa kwamba alilala, akakua, akasahau. Yupo mwalimu mmoja mstaafu, mzaliwa wa ukingo wa Mto Tana, ambaye hakusahau. Au, kwa usahihi zaidi, ambaye hakupewa nafasi ya kusahau.

Alizaliwa mwaka wa 1957 katika kijiji cha Wapokomo kisicho mbali na Ngao, pale ambapo mto huo mrefu kuliko yote nchini Kenya unakaribia kuimaliza safari yake ya kuelekea Kipini na Bahari ya Hindi. Mama yake alilima mpunga na migomba kando ya maji. Kumbukumbu ya kwanza anayoweza kuapa kuwa ni yake, wala si ya kusimuliwa na wakubwa, ni ya mafuriko ya mwishoni mwa mwaka wa 1961, yale ambayo wazee wa sehemu nyingi za Kenya huyaita mafuriko ya uhuru. Hakumbuki mengi. Anakumbuka mtumbwi, kuku waliofungwa miguu, harufu ya tope, na kwamba mahali palipokuwa na nyumba yao palionekana paa tu. Anakumbuka pia kwamba alikuwa akilia, na kwamba mama yake alikuwa akiimba.

Wimbo wenyewe ulikuwa bembelezi ya Kipokomo ambayo akina mama wa Tana wameiimba tangu jadi. Ndani yake mnyama wa mwituni anaitwa aje amle mtoto asiyenyamaza. Msomaji mgeni huenda akashtuka na kuuliza ni utulivu gani unaoweza kupatikana katika kitisho kama hicho. Mtoto wa Tana hakutishika hata chembe, maana aliyekuwa akimwalika mnyama ndiye yule yule aliyekuwa amemkumbatia kwa nguvu zake zote. Siku ile ya mafuriko mnyama alikuwa maji, nayo yalikuwa yamekwisha kufika. Mama aliimba, mtoto akalala mtumbwini, akaamka nchi kavu.

Miaka miwili baadaye, nchi ilipojiandaa kupokea uhuru, palihitajika wimbo wa taifa. Kazi hiyo ilikabidhiwa jopo la watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Katika kusaka mahadhi yenye asili ya nchi, waliyateua mahadhi ya bembelezi hiyo hiyo, ambayo mzee wa Kipokomo, Meza Moroa Galana, anatambuliwa kuwa ndiye aliyewapa. Wakayatilia maneno mapya, ya Kiswahili na ya Kiingereza, na Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, wimbo uliokuwa wa mikeka na vitanda vya kamba ukawa wimbo wa majeshi na mabalozi.

Mtoto wetu hakuwa na habari ya jopo lolote. Alipoingia shule mwaka wa 1964 alikuwa na umri wa miaka saba. Asubuhi ya kwanza waliamriwa kupanga mistari mbele ya mlingoti, mikono ubavuni, macho mbele, mtu asitikisike. Kisha wakubwa wakaanza kuimba. Alilofanya hakulifanya kwa utundu. Mwili wake uliusikia wimbo kabla ya masikio kuyasikia maneno: kope zikawa nzito, kichwa kikaelemea bega la msichana aliyesimama kando yake, na mdomo ukaanza kuimba pamoja na wenzake, ila kwa Kipokomo. Alichapwa viboko vitatu kwa kosa la kuidharau bendera. Mwalimu aliyemchapa alikuwa mtu wa bara, hakujua neno hata moja la lugha ya pale, na yamkini hadi kustaafu kwake aliamini kwamba alikuwa amemkomesha mtoto mtukutu.

Jioni mama alipoelezwa kisa hicho alicheka hata akauweka mchi chini. "Mwanangu," akamwambia, "wimbo ule sasa umepata kazi serikalini. Usilale ukiwa kazini."

Nyimbo nyingine zilikuja na miaka yake. Katika shule ya upili ulikuwapo Malaika, uliovumishwa na Fadhili William na baadaye Miriam Makeba, na hadi leo akiusikia hunusa pasi ya makaa na kumkumbuka mvulana mmoja aliyemwandikia barua nne, zote zikiwa na makosa ya upatanisho wa kisarufi. (Huenda hapo ndipo ualimu ulipoanza.) Ulikuwapo pia muziki wa Mbaraka Mwinshehe. Mwanamuziki huyo alipofariki katika ajali ya barabarani huko Mombasa mnamo Januari 1979, kijana mmoja kutoka Machakos, mwanafunzi mwenzake katika chuo cha ualimu, alimjia na sahani ya santuri ya wimbo Shida kwapani. Hapakuwa na gramafoni. Waliketi ukumbini wakiitazama ile sahani kama watu waliofika matangani. Mwaka uliofuata walioana. Wanasaikolojia husema kwamba mtu mzima hukumbuka zaidi mambo yaliyompata kati ya umri wa miaka kumi na thelathini, na kwamba nyimbo za kipindi hicho ndizo zenye nguvu kubwa ya kuyafufua. Kwa Malaika na Shida jambo hilo ni kweli tupu. Nyimbo hizo hukaa pale pale alipoziacha. Akizifuata huzikuta, akiziacha hazimfuati.

Bembelezi haikukaa ilipoachwa. Ilimfuata kila Jumatatu na kila Ijumaa, ikamfuata usiku Sauti ya Kenya ilipofunga matangazo yake, ikamfuata kwenye kila sikukuu ya kitaifa, daima ikiwa imevaa maneno ya watu wengine.

Alipojifungua kifungua mimba wake huko Machakos mwaka wa 1981, alimwimbia kama alivyoimbiwa. Majirani katika nyumba za walimu walifanya mzaha. Mmoja alibisha ukutani akiuliza iwapo anapaswa kusimama wima. Mzaha wa majirani huvumilika. Lakini mtoto huyo alipoanza shule, alirudi nyumbani siku moja, akamsikiliza mama yake akimwimbia mdogo wake, akasema kwa upole wa mtoto anayejua: "Mama, maneno umeyakosea."

Alijaribu kumweleza kwamba haya ndiyo maneno yaliyotangulia, na kwamba yale ya shuleni ndiyo yaliyokuja baadaye. Watoto wakacheka. Baba yao, aliyekuwa Mkamba na asiyejua Kipokomo, akacheka pia, bila ubaya. Lugha ya nyumba ile ilikuwa Kiswahili. Maneno ya bembelezi yakabaki kuwa sauti tu, kama za ndege. Baada ya hapo aliimba mara chache, kisha akaacha kabisa. Kitinda mimba, aliyezaliwa mwaka wa 1988, hakuimbiwa. Na lililomtia mwalimu hofu halikuwa lile la watoto kutojua. Ni kwamba ilifika siku ambapo yeye mwenyewe, akiwa peke yake jikoni, alijaribu kuanza, akauvuka mstari wa kwanza, na ulimi wake ukaingia katika maneno ya wimbo wa taifa bila kumwomba ruhusa.

Si haki kuharakisha kusema kwamba alidhulumiwa. Wapokomo wengi huona fahari kwamba mahadhi yao ndiyo yanayosikika mwanariadha wa Kenya anapovishwa medali ya dhahabu, na mwalimu mwenyewe alilia machozi mwaka wa 2008, Pamela Jelimo alipokuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata dhahabu katika Olimpiki. Hata hivyo, alipoulizwa na mumewe analia nini, alishindwa kupambanua. Sehemu moja ilikuwa ya Beijing. Nyingine ilikuwa ya mtumbwini. Taifa lilikuwa limeyahifadhi mahadhi kuliko ambavyo kijiji chochote kingeweza, na kwa tendo hilo hilo lilikuwa limeyafunika maneno yake. Fasihi simulizi inapopokelewa na dola, aghalabu hupokelewa hivyo, na wanaofundisha uhifadhi wa tanzu hizi wangefaa kulitaja jambo hilo mapema zaidi katika muhula.

Mwaka wa 2009 mama yake aliletwa Machakos. Alikuwa mjane aliyezeeka, na ugonjwa wa kusahau ulikuwa umekwisha kumchukulia mengi. Alimwita binti yake kwa jina la dada yake mkubwa aliyekwisha kufa. Usiku aliamka akitaka kwenda shambani kuwafukuza ndege wasile mpunga. Mwalimu alikuwa na swali moja tu alilotaka kumwuliza, lile la maneno ya bembelezi, na kila alipouliza mama alimtazama kwa adabu ya mgeni asiyetaka kumwudhi mwenye nyumba.

Tarehe 27 Agosti 2010 familia ilikusanyika mbele ya runinga kutazama Katiba mpya ikizinduliwa katika bustani ya Uhuru Park. Bendi ilipoanza kupiga wimbo wa taifa, wote walisimama. Ndiyo iliyokuwa kanuni ya nyumba hiyo, maana mwenye nyumba alikuwa mwalimu mkuu, na watoto walikuwa wamefunzwa tangu utotoni kutotikisika. Bibi peke yake ndiye aliyebaki ameketi mkekani. Aliwatazama mmoja mmoja kwa ghadhabu.

"Mbona mnasimama?" akauliza kwa Kipokomo. "Mtoto atalalaje?"

Kisha akaanza kuimba. Hakuimba mstari mmoja. Aliimba yote, pamoja na sehemu ambayo bintiye alikuwa ameipoteza kwa miaka mingi kiasi cha kutojua tena kwamba ilikuwapo. Akimaliza alirudia. Na alipokuwa akirudia alimshika binti yake mkono, akamvuta chini kwa nguvu zisizotarajiwa kwa mtu wa umri ule. Mwalimu mkuu, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, aliketi mkekani wakati wimbo wa taifa ukipigwa, akalaza kichwa kwenye paja la mama yake. Watoto hawakujua wafanye nini. Yule kitinda mimba ndiye aliyekwenda taratibu na kupunguza sauti ya runinga.

Wanaouchunguza ubongo wameona kwamba kwa wagonjwa wengi wa aina hii, nyimbo za zamani hudumu hata pale ambapo majina na nyuso zimefutika. Maelezo hayo mwalimu aliyasoma baadaye, akayakubali. Siku ile alichofanya ni kutafuta kalamu. Aliandika nyuma ya karatasi ya mtihani wa darasa la saba, kwa hati ya mtu anayekimbia. Keshoye alipomsomea mama yake ili amsahihishe, mama alimwuliza kwa upole yeye ni binti wa nani.

Mama alifariki mwaka wa 2011, akazikwa kwao, karibu na mto. Kwaya ya kanisa iliimba vizuri. Mwalimu alitamani bembelezi ile iimbwe kaburini, lakini hakuthubutu kuianzisha, kwani alijua kwamba akishaitoa sauti ya kwanza, waombolezaji wote wangenyoosha migongo na kuweka mikono ubavuni. Jumatatu iliyofuata alikuwa mbele ya mlingoti shuleni kwake, amesimama wima mbele ya wanafunzi. Mtoto mmoja wa darasa la kwanza, mstari wa mbele, alikuwa akiyumba kwa usingizi. Mwalimu wa zamu alipoinua mkono kumwelekeza kidole, mwalimu mkuu alitikisa kichwa, naye mkono ukashuka.

Alistaafu mwaka wa 2017. Ile karatasi ya mtihani anayo kitinda mimba, ambaye sasa ni mama, naye anaishi Nairobi. Jioni nyingine hupiga simu, huku mtoto akisikika akilia kwa mbali.

"Mama, baada ya hapo pa mnyama panafuata nini? Mwandiko wako hausomeki."

Mwalimu humtajia. Kwenye simu husikia maneno yakitamkwa kwa lafudhi ya Machakos, irabu zikivutwa pasipovutwa, neno moja likigeuka kuwa jingine kabisa. Mtu aliyesahihisha Kiswahili cha watoto wa wenyewe kwa zaidi ya miaka thelathini hasemi kitu. Huketi na simu sikioni hadi upande wa pili unyamaze.