Siku mbili kisiwani Idjwi

Tuliondoka Bukavu kwa mashua alfajiri, sisi na mke wetu, watoto wanne na nyanya yao, mzaliwa wa Idjwi, ambaye hakukanyaga kisiwa hicho tangu aolewe. Ziwa Kivu, lililo mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, lilitulia. Watoto waliogopa mamba. Tukawaambia kwamba humu hawamo. Wavuvi walirudi na sambaza, samaki walioletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959.

«Utotoni mwangu hawakuwapo,» alisema nyanya.

Kisiwani watoto walishiba mananasi. Nyanya alitafuta kiwanja cha wazazi wake, akakuta kahawa ya jirani na kaburi lililofyekwa vizuri.

Siku ya pili mashua ilipiga honi. Nyanya hakuja. Tulimwachia blanketi letu.